Hakuna Kilichopatikana

Akyaa Boatemaa alitamani kuizaba kompyuta kofi. Tangu asubuhi, katika ofisi ya walimu wa famasia pale Kumasi, alikuwa akiuliza hazina ya makala za kitaaluma jambo moja tu: kuna chuo kilichowapeleka wanafunzi kwenye maduka ya dawa tangu mwaka wa pili, bila kungoja wamalize kukariri? Jibu lilikuwa lile lile. Hakuna kilichopatikana.

Akaandika elimu, akaandika mafunzo, akaandika mazoezi kazini. Umeme ukakatika, ukarudi, akaanza upya. Hakuna kilichopatikana. Waakye yake, wali wa kunde, ilipoa kwenye jani, hamu imemwisha. Mashine gani hii, isiyojua hata kama duniani kuna wanafunzi wa famasia?

Na kikao cha idara kilikuwa mchana huo huo. Profesa Amankwatia alishasema waziwazi kwamba bila ushahidi wa kwingine, mpango wa Akyaa wa kuwapeleka wanafunzi madukani hauendi popote. Akyaa akasalimu amri. Akampigia simu, akamwambia kwamba dunia nzima hakuna aliyelichunguza jambo hilo. Profesa akajibu kwamba basi ataliondoa kwenye ajenda, akakata.

Baadaye kidogo akaingia Fiifi, mwenzake anayetumia naye ile kompyuta mpakato, mtafiti wa dozi za dawa za malaria kwa watoto. Akachungulia kioo cha kompyuta.

"Dada Akyaa, kichujio changu ulikitoa?"

"Kichujio gani?"

Fiifi akaonyesha pembeni. Alama yake ya tiki ilikuwa bado pale tangu jana, ikiiamuru mashine itafute makala za watoto wachanga tu.

Akyaa alimkazia macho mpaka Fiifi akasogea nyuma. "Yaani siku nzima natafuta wanafunzi wa chuo wasio na meno, na wewe unakula kenkey tu huko nje?"

Akaitoa ile alama. Makala zikamiminika, ukurasa baada ya ukurasa. Akaikwapua kompyuta, akapanda ngazi mbio, akaingia kikaoni bila hodi.

"Si umesema hakuna?" Profesa aliuliza.

Hasira zilimzidi hata asiweze kutafuta kisingizio. "Nilikuwa nawatafuta miongoni mwa watoto wachanga, Prof."

Walimu wakaangua kicheko. Profesa hakucheka. Alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Wanafunzi wetu tunawatafunia kila kitu mpaka mwaka wa mwisho," alisema. "Hukukosea sana. Keti, utusomee."