Kilo Kumi na Saba

Mkanda wa mizigo ulizunguka mara ya kumi na moja ukiwa na kitu kimoja tu juu yake, mwavuli mweusi wa mtu mwingine, kisha ukasimama. Fundi cherehani alibaki pale pale, mkono kiunoni, macho yake kwenye mapazia ya mpira ambako mizigo hutokea. Sanduku lake la buluu lilikuwa na magauni kumi na mawili, kazi ya miezi sita, na maonyesho aliyoalikwa yalikuwa yanaanza kesho yake asubuhi.

Kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea, karani mwenye miwani alimpa fomu na kumwambia arudi kesho. Kesho akaambiwa keshokutwa. Hotelini hakukukalika. Alifua gauni lake pekee kwenye sinki, akalivaa likiwa bado na majimaji, akapanda ngazi, akashuka, akachungulia dirishani, kisha akajaribu tena namba ya mdogo wake.

Mdogo wake alikuja nchi hiyo miaka minne nyuma kufanya kazi za ndani. Nyumbani walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa na maneno. Akikosa mtu wa kuongea naye, aliwasimulia kuku. Mwaka wa pili simu yake ilizima na haikuwaka tena. Kusema kweli, Fundi aliukubali mwaliko wa maonyesho kwa ajili hiyo, ingawa hakumwambia mtu. Anwani aliyokuja nayo aliifuata siku ya kwanza, akakuta duka la matairi.

Siku ya tatu maonyesho yalifungwa. Fundi alirudi kwenye kaunta roho juu, wala hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Mama, tulia kidogo," karani alisema.

"Nimetulia siku tatu, baba. Leo nataka nikalitafute kwa macho yangu mwenyewe."

Karani alitazama saa ya ukutani, akachukua funguo.

Ghala lilikuwa refu, lenye rafu za chuma na taa nyeupe zilizokuwa zikilia kama mbu. Kushoto kulikuwa na masanduku, mabegi na gari la kusukumia mtoto. Kulia kulikuwa na wanawake. Walikaa juu ya rafu kwa safu, miguu ikining'inia, kila mmoja na lebo ya karatasi kwenye kifundo cha mkono. Mmoja alikuwa akimsuka mwenzake. Mwingine alipiga miayo, akaomba radhi.

Karani alieleza huku akitangulia kwamba kanuni ni moja tu: chochote kinachokaa ukumbini siku tatu bila mwenyewe kinaletwa humu. Hawa walishushwa na waajiri wao mlangoni pa uwanja, pasipoti zikabaki kwenye makabati ya watu. Ndege hawapandi, na mjini hawarudi.

"Hawana shida," alisema. "Mabegi ndiyo yanayovuja."

Chiriku alikuwa kwenye rafu ya mwisho, ameegemea sanduku la buluu.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba. Tangu lini uko humu?"

"Huu mwaka wa pili. Simu alibaki nayo yule mama niliyemfanyia kazi." Alilipapasa sanduku. "Hili lilifika leo asubuhi. Nikanusa mafuta ya cherehani yako, nikaomba nisogezewe."

Fundi alimtazama kama anavyomtazama mteja, kwa kumpima. Mabega yalikuwa yameingia ndani, na kiuno cha gauni kingetosha watu wawili. Alichomoa pini tatu zilizokuwa chini ya kola yake, akalibana gauni lile mgongoni. Chiriku aligeuka kila alipoambiwa ageuke. Zamani angekuwa ameshauliza habari za mtaa mzima.

"Nawachukua wote wawili," Fundi alimwambia karani. "Huyu na sanduku."

Karani aliomba stakabadhi. Fundi alitoa kile kikaratasi alichobandikiwa kwenye tiketi siku ya safari.

"Ni moja," karani alisema. "Stakabadhi moja, mzigo mmoja."

"Huyu ni ndugu yangu, tumbo moja."

"Nimekuelewa, mama. Lakini mwenye stakabadhi yake ni yule aliyemleta."

Wanawake wa rafu za karibu walinyamaza wasikie. Fundi alitembea hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena, akarudi. Kisha alifungua sanduku, akaligusa gauni la juu, lile la kijani alilolikeshea kwa ajili ya vifungo, akalifunga.

"Andika huyu," alisema.

Karani alimpandisha Chiriku kwenye mizani iliyokuwa karibu na mlango, akasoma lebo ya kifundoni. Alipoingia nchini alikuwa na kilo sitini na moja. Sasa mizani ilisema arobaini na nne. Karani aliandika kwenye fomu: pungufu, kilo kumi na saba.

"Nani analipia hizo?" Fundi aliuliza.

"Malalamiko ya upungufu yanapokelewa ndani ya siku saba tangu kutua. Huyu ametua miaka minne iliyopita." Alimsogezea kalamu. "Hapa unakubali kwamba umepokea mzigo ukiwa katika hali nzuri."

Fundi alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Alitia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Karani alibandika lebo mpya juu ya ile ya zamani, akawaonya wasiibandue hadi wafike kwao, maana ndiyo itakayompandisha ndege. Nyuma yao, yule aliyekuwa akisuka aliendelea kusuka.

Mlango ulipofunguliwa, mkokoteni ulikuwa unaingia. Ulibeba mabegi manne na wasichana wawili waliokaa wamebanana, viatu vyao mapajani. Fundi alimvuta mdogo wake pembeni kuupisha.

"Samahani, dada," msichana mmoja alimwuliza. "Hapa ndipo tunapopokelewa?"

Fundi aliitazama lebo kwenye kifundo cha mdogo wake.

"Ombeni rafu ya chini," Chiriku alisema. "Ya juu ina baridi."

Wasichana walimshukuru, na mkokoteni ukaendelea.