Mashine Isiyo na Sauti

Hakuna injini katika mtaa mzima wa Buyenzi iliyowahi kumficha Chabani ugonjwa wake. Alikuwa akiinama, anatega sikio, anafumba jicho moja, kisha anataja kilichokufa kabla boneti haijafunguliwa. Na kwa kuwa hakujaliwa kunyamaza, aliitangazia gereji nzima kwamba Jumamosi hiyo angemchagulia mkewe kompyuta.

Mkewe, Zubeda, alikuwa mwalimu wa darasa la sita kwa mwaka wa ishirini na sita. Maswali ya mtihani alikuwa akiyapeleka kuchapwa kwenye kibanda cha barabarani. Muhula uliopita maswali hayo yakamtangulia kufika darasani, na mkurugenzi wa shule akamwita ofisini akamhoji kama mwizi. Iliuma. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: kuuchapa mtihani wake kwa mkono wake, nyumbani kwake, ili jina lake lisafike. Alichoweka akiba kilitosha mashine moja ya bei nafuu, zile zinazofanya karibu kazi zote kwa intaneti. Akikosea, hakuna ya pili.

Dukani, katikati ya mji, muuzaji Darius aliweka mbili mezani: ya buluu inayong'aa kama sahani ya harusi, na ya kijivu iliyochubuka kifuniko. Zote zilikwishatumika Ulaya. Akamgeukia Chabani.

"Muzee, hii ya bleu ni ya mapatron, wakubwa kama wewe."

Chabani akainama, akatega sikio. Kimya. Akaiinua, akaitikisa kidogo, akatega tena.

"Imewaka kweli?"

"Imewaka, Muzee. Hizi hazina feni. Hazisemake kitu."

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini mashine ilikataa kuzungumza na Chabani. Lakini ulimi wake haukuzoea kushindwa.

"Tubebe bleu," akasema.

"Baba Houda, ngoja kwanza," Zubeda akamwambia mumewe. "Kwangu mutoto hapiti bila mtihani."

Akatoa daftari, akapiga mistari, akaandika juu: alama ishirini. Akafungua ukurasa wa kuandikia kwenye kila mashine, kisha akamwamuru Darius akate intaneti na achomoe nyaya za umeme, kama vinavyokatika nyumbani. Akaanza kujisomea imla ya darasa la sita kwa sauti, akiichapa kwa vidole viwili, mashine hii kisha ile. Wateja wawili wakacheka chini chini. Chabani akawakazia macho mpaka wakaacha. Ya buluu ikapata kumi na sita, kwa kuwa vitufe vyake vilikuwa laini. Ya kijivu, kumi na nne.

"Si nilisema?" Chabani akatamba.

"Mtihani haiyaisha," Zubeda akamjibu.

Intaneti iliporudishwa, Zubeda akavaa miwani, akafungua mipangilio na kushuka hadi kwenye maandishi madogo ambayo hata Darius hakuwahi kuyasoma. Palikuwa na tarehe. Ya buluu ilikuwa imebakiza miezi miwili. Ya kijivu, miaka sita.

"Tarehe ya nini?" Chabani akauliza.

"Kiwanda kinaitumiaka kufuli mupya, wezi wasiingie. Ikifika hii tarehe, basi, hakitumi tena. Na mi nimeshaibiwa mara moja."

Chabani akaisukuma ile ya buluu pembeni. Magari ya namna hiyo aliyajua: yanang'aa, na mwenyewe anazunguka mji akitafuta kipuri kisichotengenezwa tena. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Zubeda akaikata ile kumi na sita kwa kalamu nyekundu, akaandika sifuri. Darius akajikuna kichwa, kisha akamwomba kwa adabu, "Mwalimu, unisomee na tarehe za zile za kabatini?" Akamsomea zote.

Waliporudi Buyenzi, nyundo za gereji zilinyamaza. Atumani, mshindani wa Chabani wa tangu ujana, akachomoa kichwa chini ya lori.

"Enhe, fundi! Umechagua?"

Zubeda akatazama pembeni, tayari kumwachia mumewe heshima yake. Chabani akaiinua ile ya kijivu juu ili wote waione.

"Apana! Amechagua mwalimu. Mi nimebeba tu."

Nyumbani palikuwa hapo karibu, nyuma ya gereji. Lakini Chabani akazunguka kwa barabara ndefu, kifua mbele, akisimama kwenye kila gereji ili aulizwe tena.