Elinaja Hachakachui

Jumanne hiyo Elinaja alikuwa kiguu na njia. Anapanda ghorofani, anashuka. Anakaa, anasimama. Anawasha basi, analiacha lingurume kidogo, analizima, anarudi ndani kupasha vidole, na kabla vidole havijapata moto yuko dirishani tena analichungulia. Mama yake, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi, alimtazama akihangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Kilichomnyima raha kilikuwa dizeli. Redio ilikuwa inatangaza tangu asubuhi kwamba alfajiri ya kesho miji ya Minneapolis na Saint Paul ingeshuka hadi nyuzi thelathini chini ya sifuri. Na jana tu, baridi ikiwa haijafika huko, basi lilikuwa limemzimikia barabarani likiwa na wazee saba ndani.

Basi lenyewe ni la kituo cha kutwa cha wazee hapo Crystal. Wazee wa Kiafrika hupelekwa asubuhi, wakanywa chai, wakanyooshwa viungo, wakagombania siasa za makwao, na jioni wakarudishwa kwa watoto wao. Mwenye kituo ni Wambui, nesi wa Kikenya asiyependa utani wakati wa kazi. Elinaja alikuja Marekani kusomea usafirishaji, shahada yake akaipata vizuri tu, na sasa ndiye msimamizi wa mabasi mawili ya kituo. Moja analiendesha mwenyewe. Jingine liko mikononi mwa Zadock, Mkisii wa maneno mengi ambaye baridi ya Minnesota ameizoea kuliko jua la kwao.

Jana basi lilianza kukohoa kwenye Highway 100. Mguu unakanyaga, gari halivuti. Likasogea pembeni kwa shida, likafa. Dizeli ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta hiyo huganda kama samli ya Marangu asubuhi ya Julai, ikaziba filta, na injini ikakosa cha kunywa. Injini ikizima, hita nayo imezima. Zadock aliwahi kuja na basi lake kabla hayajawa makubwa, lakini Mzee Solomon, aliyekuwa amesahau glavu nyumbani, alishushwa vidole vikiwa vyeupe kama chaki. Daktari alisema ana bahati. Mama yake Elinaja naye alikuwamo, kwenye kiti cha nyuma ya dereva. Hakulalamika. Meno yalikuwa yanagongana huku akiimba pambio ili wenzake wasiogope, na jambo hilo lilimuuma mwanawe kuliko maneno yote ya Wambui.

Nayo maneno ya Wambui hayakuwa matamu. "Ikizima na wazee wangu tena, Eli, usiniletee story," alisema, baada ya kuwapumzisha wazee wa basi hilo siku ya Jumanne. "Niwekee keys kwa meza."

Na dawa ilikuwa inajulikana. Fundi wa Plymouth aliyeliingiza basi kwenye gereji yenye joto na kulibadilishia filta alimweleza taratibu. Ile dawa ya chupa ambayo Elinaja aliimimina tangini jana basi lilipozima ilikuwa imechelewa. Hutiwa mafuta yakiwa bado mepesi, yakishaganda haifui dafu. Tena kwa baridi ya kesho chupa peke yake haitoshi. Achanganye. Nusu dizeli ya kawaida, nusu ile nyepesi inayoitwa namba wani, ambayo na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja. Mchana Zadock alimpigia simu kumwambia yale yale.

"Boss, hii kitu ni simple," Zadock alisema. "Tank yako iko half, si ndio? Enda station, jaza namba wani juu yake, halafu u-drive kidogo ndio ichanganyike. Mimi nilifanya hivyo Sunday. Yangu jana ilikuwa fiti, ama hukuiona?"

"Niliiona."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba unaniambia nichakachue mafuta."

Zadock alicheka. "Wacha hizo, Eli. Kuchakachua ni ya wezi. Hii inauzwa kwa pump, na bei imeandikwa juu."

"Mimi sichanganyi mafuta ya taa na dizeli, kaka. Nisaidie kwa njia nyingine."

"Njia nyingine ni Florida," Zadock akasema, akakata simu.

Masikini Zadock hakujua amegusa kidonda. Baba yake Elinaja alikuwa na kituo cha mafuta kwenye barabara ya kwenda Moshi, pampu mbili, ya petroli na ya dizeli, na kibanda cha soda. Elinaja akiwa darasa la saba, mwaka ambao neno kuchakachua lilikuwa kinywani mwa kila Mtanzania, wakaguzi walikuja wakapima dizeli, wakakuta mafuta ya taa, wakafunga pampu zote mbili kwa lakiri mbele ya watu. Baba aliapa kwamba mafuta yaliletwa yakiwa yamekwisha chakachuliwa njiani. Aliapa nyumbani, akaapa kanisani, na alipougua akafa bado anaapa. Elinaja alimwamini. Mudrick, rafiki yake wa kukaa dawati moja, alipomuuliza siku moja kama ni kweli, Elinaja alimng'oa jino kwa ngumi, na tangu siku hiyo hawajasemezana.

Jina la baba lilibaki mikononi mwake peke yake. Wajomba waliacha kulitetea, mji ulisahau, lakini yeye alilibeba hadi ng'ambo. Na aliona kwamba siku atakayochanganya, hata mara moja tu, hata kwa ruhusa ya serikali nzima ya Minnesota, atakuwa ameungana na waliofunga zile pampu.

Basi alijaribu mengine yote. Alichomeka waya wa kupasha injini. Alifunika boneti kwa blanketi mbili, akaziba rejeta kwa kipande cha boksi, akaliegesha basi ubavuni mwa jengo upepo usilifikie. Alijua fika kwamba anajidanganya. Waya unapasha injini, haupashi tangi, na tangi liko uvunguni linapigwa na baridi. Ndiyo maana hakutulia.

Jua lilikuwa linazama, saa kumi na moja haijafika, alipopanda tena na barafu kwenye nyusi. Chai aliyomiminiwa ilikuwa imepoa mezani.

"Kuna nini huko chini, baba?" mama yake aliuliza. "Unaniumiza macho kwa kupita."

Akamweleza. Nta, filta, baridi ya kesho, na Zadock anayetaka achanganye mafuta ya taa.

"Sasa si uchanganye?"

"Mama!"

"Nini?" Mama alikuwa ameinamia sufuria, anageuza ndizi zisishike chini. "Kwani utamwibia nani? Baba yako alichanganya, akawauzia watu kwa bei ya dizeli, magari yao yakafa. Ule ulikuwa wizi. Wewe unachanganya ya basi lako ili wazee wafike salama. Sio kitu kimoja hata kidogo."

Alisema vile kama mtu anayesema chumvi imetosha. Akaonja mchuzi. Kisha akageuka na mwiko mkononi, akauona uso wa mwanawe.

"Nilidhani unajua," alisema.

Elinaja alishika ukingo wa meza.

"Mwanangu, kila mtu alijua. Wewe ulikuwa unampigania tu, na yeye alifurahi kupiganiwa, nami ningesemaje?" Sauti yake ilipungua. "Usinitazame hivyo. Viatu vyako vya shule vilitoka humo humo."

Elinaja alichukua funguo akashuka. Hakufunga hata zipu ya koti. Alikuwa na hasira, ila hakujua amkasirikie nani: mama aliyesema, baba aliyekuwa kaburini, au yeye mwenyewe, mtu mzima na shahada yake, aliyekuwa wa mwisho kuambiwa.

Kwenye kituo cha mafuta hakukuwa na aliyemwangalia. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa anajaza lori lake huku akifuta kamasi kwa mkono wa koti. Elinaja alitafuta pampu ya namba wani, akaiona pale pale alipoambiwa, imeandikwa kwa herufi kubwa, bila siri yoyote. Akatia bomba tangini, akabonyeza.

Halafu harufu ya mafuta ya taa ikampanda puani. Aliijua. Ilikuwa harufu ya mashati ya baba jioni, aliporudi na kumbeba juu juu akiwa mdogo, ilhali nyumba yao ilikuwa na umeme, hawakuwa na taa ya kandili wala jiko la mafuta. Alisimama pale akiwa ameshika bomba, akaona aibu. Hakuna aliyemficha kitu. Pua yake ilikuwa inajua miaka yote hiyo.

Mafuta yalitakiwa yazungushwe yachanganyike, basi akaendesha. Alichukua barabara ya 94 hadi maghorofa ya Cedar-Riverside yakatokea kwa taa zake, akavuka mto, akageuza, akarudi, akageuza tena. Alitaka kumpigia mtu simu. Mtu aliyemtaka alikuwa Mudrick, lakini hakuwa na namba yake, na huko kwao kulikuwa bado hakujapambazuka. Alirudi nyumbani akala ndizi zake.

Asubuhi baridi ilikuwa ile iliyotangazwa. Ukivuta pumzi, matundu ya pua yanashikana. Kiti cha basi kilikuwa kigumu kama ubao. Elinaja alizungusha ufunguo nusu, akangoja kijitaa kizime, akamalizia.

Injini iliwaka mara moja. Haikukohoa. Ikanguruma sawasawa, ikatulia, hewa ya moto ikaanza kupuliza taratibu miguuni pake.

Aliinamisha kichwa kwenye usukani. Maisha yake yote hakuwahi kutamani gari limgomee, lakini asubuhi ile alitamani, walau kidogo, walau likwame mara moja, ili aseme mnaona, mafuta ya kuchanganya ni balaa, baba yangu asingeyagusa. Injini ikaendelea kunguruma.

Mlango ulifunguka. Mama yake alipanda polepole akishika chuma, akakaa kiti chake cha nyuma ya dereva, akajifunika khanga juu ya koti.

"Imewaka," alisema.

"Imewaka, mama."

Mama akanyoosha mkono, akaugusa mgongo wa mwanawe juu ya lile koti nene, akauacha hapo.

"Basi twende, baba. Solomon atakuwa ameshatoka nje kutungoja."

Elinaja alifuta macho kwa glavu, akaachia breki.