Mdhamini Wangu Ni Fundi

Mimi usaili ule sikuuogopa. Naomba hilo lieleweke mapema, maana mjomba wangu akisimulia atawaambia nilitetemeka mpaka magoti yakagongana. Kilichonisumbua ni mistari miwili tu kwenye fomu: "Uzoefu wa kazi", na chini yake, "Jina na simu ya mdhamini".

Kazi yenyewe ilikuwa ya karani wa mapokezi kwenye kampuni ya uchapaji, wale wanaotengeneza kadi za mialiko, vitabu vya risiti na mabango. Karani anakaa kaunta, anapokea oda, anaandika tarehe ya kuchukua, na mteja akirudi anamkabidhi mzigo wake. Tangazo lilisema hata wanaoanza wanakaribishwa. Jumatatu asubuhi nikapigiwa simu, niende Alhamisi saa nne. Nilijua kabisa kwamba kazi ile ni yangu. Kilichobaki ni wao nao kujua.

Mjomba akajiteua kuwa mwalimu. Alikuwa tarishi kwa miaka ishirini na sita, kabeba mafaili kutoka mlango huu hadi ule, kwa hiyo ofisi anazijua zote kuanzia kizingitini. Alikuja jioni ile ile, akakalia kiti cha baba, akavaa miwani, akataka nimweleze udhaifu wangu. Nikamwambia napenda kujibu watu. Akasema hapana, sema unafanya kazi kupita kiasi mpaka unasahau kula. Nikamuuliza kama yupo mtu aliyewahi kuniona nikisahau kula. Mama akacheka huko jikoni. Mjomba hakucheka, akahamia kwa mdhamini, akataka niandike jina la mkurugenzi wake wa zamani, mtu mzito. Nikasema mkurugenzi huyo hanijui hata kwa sura.

"Ndiyo vizuri," mjomba akasema. "Kama hakujui, baya lako atalitoa wapi?"

Niliandika namba ya baba.

Maana uzoefu ninao, ila ni wa aina ambayo huwezi kuuandika kwenye fomu bila kuona haya. Baba ni fundi cherehani. Mkono wake ni safi kweli. Suruali yake ukiivaa unajikuta umesimama wima. Tatizo lake ni moja tu: hawezi kukataa kitambaa, wala hawezi kutaja siku ya kweli. Kila mteja anaambiwa Ijumaa. Ijumaa yenyewe ikifika, baba anajichimbia nyuma ya pazia na cherehani yake, na mbele nabaki mimi. Tangu nimalize shule, miaka minne sasa, kazi yangu imekuwa kusema. Umeme ulikatika. Sindano imevunjika. Imebaki kupigwa pasi tu. Na nilikuwa hodari. Yupo mwalimu wa hesabu niliyemrudisha kwake mara tano kwa suruali moja, na kila mara aliniaga kwa tabasamu.

Sasa kwenye kaunta ya wachapaji wangeniuliza nini kama si hicho? Mteja amekuja, kadi zake haziko tayari, utamwambiaje? Jumanne asubuhi nilisimama mbele ya kioo, nikajiuliza swali hilo kwa sauti nzito ya mabosi, na kabla sijafikiri nikajisikia nikijibu, "Mashine ilitusumbua kidogo, mama, lakini Ijumaa pitia." Lilinitoka laini kabisa. Nilijichukia. Kadi ya mwaliko ikifika sherehe imekwisha, ni karatasi tu.

Basi nikaamua kujiandaa kwa vitendo. Baba alipotoka kwenda kununua nyuzi, nikafungua daftari la oda. Nguo kumi na tisa zilikuwa zinasubiri. Kwa kasi ya baba ni nguo mbili kwa siku, moja kama kuna mpira kwenye redio. Nikaandika tarehe ya kweli mbele ya kila nguo, kisha nikakamata simu na kuwapigia wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Nilijitambulisha, nikasema nguo yako bado haijakatwa, itakuwa tayari tarehe fulani, na ukitaka kitambaa chako njoo ukichukue, hatutakuwa na kinyongo.

Nilitarajia matusi, na mawili matatu niliyapata. Lakini wengi waliuliza kama kweli ninapiga kutoka kwa fundi. Mwalimu wa hesabu aliniomba nirudie tarehe polepole ili aiandike. Hata saa sita haijafika, watu watatu walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Yule wa tatu alipishana na baba mlangoni.

Baba hakupiga kelele. Alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akalifunga.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema, na hakunisemesha tena.

Jumatano nzima nilisikia cherehani tu nyuma ya pazia, mfululizo. Mama akawa mkalimani wetu: mwambie baba chakula kiko mezani, mwambie mwanao nimesikia. Iliniuma, sitaficha. Nilikuwa na hakika kwamba nimefanya sawa, na bado iliniuma.

Alhamisi saa nne kasorobo nilikuwa nimeshafika. Pale ndani palinuka wino, na sakafu ilikuwa ikitetemeka kidogo kwa sababu ya mashine za chumba cha pili. Walionisaili walikuwa wawili: meneja, mama wa makamo mwenye penseli nyuma ya sikio, na mchapaji mkuu, mzee ambaye kucha zake zilikuwa za bluu mpaka ndani. Waliuliza udhaifu wangu. Nikasema napenda kujibu watu. Mchapaji akacheka, nami nikakaa vizuri zaidi kwenye kiti.

Kisha likaja lile swali langu, karibu neno kwa neno. Nikawaeleza yote: pazia, Ijumaa, daftari, nguo kumi na tisa, vitambaa vitatu vilivyoondoka, na baba asiyenisemesha tangu siku ile. Nikasema hapa kwenu mteja nitampigia mimi kabla hajafunga safari ya kuja. Meneja akaishusha ile penseli, akaangalia fomu yangu.

"Na huyu mdhamini uliyemwandika ni nani?"

"Ndiye baba mwenyewe."

"Ambaye hasemi na wewe?"

"Ndiye huyo huyo."

Alinitazama kidogo, akavuta simu ya mezani, akabonyeza namba, akaweka spika.

Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na jibu la kila kitu, lakini baba sikuwa nimemwambia kwamba nimemwandika. Ningemwambiaje, na maneno yetu yote yanapitia kwa mama?

Simu ikapokelewa. Meneja akasema, "Habari za kazi, fundi?" Kwa baba, mwanamke asiyemjua akipiga simu ni mteja, hakuna lingine. Akajibu papo hapo kwa ile sauti yake ya asali.

"Nzuri, mama yangu. Gauni lako hapa mkononi ninalo, nakaza vifungo tu. Ijumaa bila kukosa."

Mchapaji mkuu aliinama chini ya meza, nadhani kufunga kamba za viatu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Meneja, kwa uso mkavu, akamweleza kwamba hana gauni lolote kwake, kwamba anapiga kutoka kampuni ya uchapaji, kwamba binti yake amekaa mbele yao na wote wanasikia. Wangependa kujua binti huyu kazini yukoje.

Redio yake ikawa inasikika kwa mbali.

"Yupo hapo?" baba akauliza.

"Yupo."

Akakohoa. "Basi hilo la gauni lisahau, mama. Huyo mtoto ameniharibia wiki. Amewapigia wateja wangu akawamwagia kila kitu. Vitambaa vitatu vimeondoka." Tukasikia cherehani ikizunguka mara moja, ikasimama. "Lakini tangu juzi hakuna aliyekuja kunifokea. Jana nimekaa nikashona nguo nne. Nne. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nashona huku nasikiliza mlango."

Meneja akamuuliza, kwa hiyo ananidhamini au hanidhamini.

"Mchukueni," baba akasema. "Hatawadanganya. Uongo nilimfundisha mimi mwenyewe, na ameukataa mbele yangu."

"Na huko kwako, wateja watapokelewa na nani?"

"Nitakaa mbele mwenyewe."

Macho yalinijaa machozi mbele ya watu nisiowajua, na sikufanya hata juhudi ya kuyaficha. Meneja aliandika kitu kwenye fomu yangu, akainua kichwa.

"Jumatatu, saa mbili kamili," akasema.

Sikujua kama ananiambia mimi au anamwambia baba, lakini tuliitikia sote wawili.