Vipimo vya Shangazi

Shangazi aliingia kwenye chumba cha kushonea bila hodi, akatupa gauni la zambarau juu ya cherehani, akabaki amesimama.

"Punguza," alisema. "Mbavuni na kiunoni. Jumamosi siendi kufukuzwa nikiwa nimevaa gunia."

Fundi aliona aibu hadi masikioni. Walikuwa hawajasemeshana wiki tatu, na kosa lilikuwa lake, kama kusema ulichokiona ni kosa. Yeye ndiye aliyekaa mbele ya ukoo akasema kwamba asubuhi ile baba yake alipokata roho hospitalini, alimwona shangazi kwenye korido ya wodi, akitembea taratibu, akaingia ukutani mahali pasipo na mlango. Na saa hiyohiyo shangazi alikuwa shuleni anakopika, akiwamiminia chai walimu kumi na mmoja wanaomfahamu vizuri. Mtu wa kawaida hawi sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ukoo ulikaa, ukaunganisha mambo, ukapata jibu: mchawi, amemla kaka yake. Jumamosi angetolewa kwenye nyumba ya familia, yeye na sanduku lake.

Walioona walikuwa watatu. Mbali na fundi kulikuwa na wifi yake, na jirani mmoja aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Lakini neno lililomwangusha shangazi lilikuwa la fundi. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na hakuna aliyedhani angeweza kumzulia.

Na kweli hakuwa amemzulia. Alimwona kwa macho yake mawili.

"Simama vizuri," alisema, akachukua utepe wa kupimia.

Bega la kushoto la shangazi liko chini kuliko la kulia, na mafundi wengine wote humshonea nguo zinazokwenda upande. Ndiyo maana alikuja. Hasira zake, kubwa kama zilivyokuwa, hazikutosha kumpeleka akaharibiwe gauni kwa mtu mwingine. Fundi alizungusha utepe kiunoni, akasoma, akazungusha tena akidhani amekosea.

"Kilichozidi ukikate kabisa," shangazi alisema akitazama mlango. "Sitanenepa tena kwenye dunia hii."

Alipoondoka, fundi alifungua daftari la vipimo ili alinganishe. Huwa anaandika tarehe kando ya kila mteja, maana wateja hawana haya, kitambaa kikilala siku tatu wanasema kimelala mwaka. Akapata ukurasa. *Shangazi. Zambarau, kola nyeupe. Tarehe kumi na tisa.* Kiuno kilikuwa kimepungua inchi tatu tangu siku hiyo. Akaandika tatu, akataka kufunga daftari, mkono ukakataa.

Baba alifariki tarehe tatu ya mwezi uleule.

Alisoma tena, kidole juu ya namba. Kule kwenye korido shangazi alikuwa amevaa gauni hili. Hilo alikuwa na uhakika nalo kuliko jambo jingine lolote; aliiona kola, aliona mpaka kifungo cha juu. Na siku ile kitambaa chenyewe kilikuwa bado dukani, hakijakatwa.

Fundi aliketi. Akajilazimisha kukumbuka, si korido, bali maneno. Siku ile ya msiba alisema nini? Alimwambia wifi yake, "Kuna mama amepita hapo, ameelekea wapi?" Basi. Ilipofika wiki ya nne ndipo Redio, jikoni kwao, aliposema yule mama kama alifanana na shangazi yenu vile. Wifi akadakia, hata mwendo ni wake! Wiki hiyo shangazi alikuwa akipita mbele yao kila siku na gauni lake jipya. Wakakaa hapo watatu, wakamchukua mwanamke wasiyemjua, wakamvalisha gauni hilo.

Alilia, na alilia kwa hasira, maana mtu aliyemdanganya alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Halafu akafuta macho, akapunguza gauni. Mkasi hakuugusa.

Jumamosi mchana sebule ilijaa. Shangazi alikaa karibu na mlango, gauni limemkaa sawasawa, sanduku miguuni. Baba mkubwa aliagiza ushahidi urudiwe kabla ya uamuzi.

"Gauni la zambarau, kola nyeupe," Redio alianza kwa raha zake. "Hilohilo alilovaa!"

"Hilohilo," wifi aliitikia.

Fundi alisimama, akaweka daftari mbele ya baba mkubwa.

"Nimekuja kufuta maneno yangu. Gauni hili nililipima tarehe kumi na tisa. Baba alifariki tarehe tatu. Hakuna kati yetu aliyeweza kuliona."

Baba mkubwa alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta, akasoma tena.

"Mchawi anashindwa nini?" Redio aliruka. "Anaweza kuvaa hata nguo ambayo haijashonwa!"

Vichwa viwili vitatu vilitikisika kukubali. Hapo woga wote ukamtoka fundi.

"Nguo hiyo niliishona mimi. Kama ni ya uchawi, mimi ndiye fundi wake. Nifukuzeni na mimi, sanduku langu nitalileta sasa hivi."

"Lakini wewe mwenyewe ulimwona!" wifi alisema.

"Na bado namwona, wifi. Nikifumba macho hapa namwona, na kola yake, anaingia ukutani. Haijafutika. Ila si kweli. Kuna mama alipita, simjui. Kama palikuwa na mlango au hapakuwa, hata hilo siapi tena. Wewe ukiliondoa hilo gauni, unabaki umeona nini?"

Wifi aliligeukia gauni, akalitazama kuanzia kola hadi pindo.

"Mama," alisema mwishowe. "Mama fulani alipita."

Redio alitafuta wa kumuunga mkono, akakosa. Baba mkubwa alifunga daftari. Bila kumtazama dada yake usoni, alisema shangazi haendi popote, akaomba mtu amrudishie sanduku chumbani.

Fundi alilibeba mwenyewe. Chumbani shangazi alipitisha vidole kiunoni, ndani ya mshono, akakuta kitambaa kimekunjwa.

"Nilikwambia ukate."

"Sikukata. Inchi tatu zote zimo humo." Fundi aliweka sanduku chini. "Nisamehe, shangazi."

Shangazi alifungua sanduku, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja moja.

"Siku nitakaponenepa, ukaufumua huo mshono," alisema, "ndipo uniombe tena."