Komwe Walipoifuta Nyumba

Usiku wa jana niliota niko barazani, nacheza bao na jirani yangu Shomvi. Ni fainali ya mtaa. Natia mkono kwenye nyumba, lile shimo la mraba linalobeba komwe wengi kuliko mashimo mengine, na komwe mmoja, mbegu tu ya mchezo, ananing'ata kidole.

"Samahani, mzee," anasema. "Tuko kikaoni."

Baraza sasa ni ukumbi wa halmashauri. Kuna feni, kuna maji ya chupa. Komwe wamejaa vitini, na mwenyekiti wao amepasuka ubavu. Hoja ni moja: kila shimo lipate komwe wawili, na nyumba ichongwe pembe zake iwe duara.

Naomba kusema. Nasimama kama nilivyofundishwa kwenye masomo ya jioni, mikono nyuma.

"Waheshimiwa, wawili wawili ni bao la kujifunza. Watoto huanza nalo, kisha hukua. Nyumba ikifunguliwa, komwe wake huzunguka, mashimo mengine yakapata. Mkiifuta, nani atayapelekea?"

"Ilifunguliwa lini mara ya mwisho?" anauliza mwenyekiti.

Namgeukia Nyumba mwenyewe, aliyeketi kando yangu. Amenenepa, kiti kimembana.

"Nilikuwa nasubiri wakati mzuri," anasema.

"Tangu lini?"

"Sikumbuki. Pale palikuwa pazuri."

Ukumbi unacheka. Naona aibu. Hoja yangu ni safi, shahidi wangu ni mvivu.

"Basi mtoeni huyu, mkalishe anayestahili," nasema. "Msifute mahali pake!"

"Anayestahili atapimwa na nani?"

"Na wanaojua."

"Mbaguzi!" anapiga kelele komwe wa nyuma. "Kaa chini, babu, na Kiswahili chako cha redio!"

Wanapiga kura. Upande wangu niko peke yangu. Hata Nyumba ameinua mkono pamoja nao. Anasema amechoka kutazamwa.

Patasi inaingia bila kusalimia, inaanza kazi.

"Na fainali yetu?" nauliza.

"Mmeshinda wote," anasema mwenyekiti. "Hongereni."

Nikaamka. Mke wangu, Bi Mgeni, alikuwa anafagia chini ya meza.

"Umechonga nini humu, baba?" akauliza. "Vumbi la mbao tele."

Nikalivuta bao. Nyumba yangu na ya mpinzani zilikuwa duara, laini, kama mashimo mengine yote.

Shomvi akabisha hodi, amekuja kwa ajili ya fainali. Akaketi, akayapapasa mashimo akiitafuta nyumba.

"Mzee Mbaruku," akasema, "sasa tunaanzia wapi?"