Shangazi Sitaki Akataa Guta

Kabla hajawa Shangazi Sitaki, Evarista alikuwa mchuma chai wa Igowole mwenye mdomo mwepesi. Baridi ya Mufindi ikibana, yeye ndiye aliyewachekesha wenzake mpaka vidole vikapata moto. Siku moja alijifunga kanga mbili, akapaka nyusi zake majivu, akajifanya shangazi mzee anayekataa kila kitu. Akipewa simu, "Sitaki!" Akiwashiwa jiko la gesi, "Sitaki, litanilipukia!" Lakini mwisho wa kila kichekesho shangazi huyo hukionja alichokikataa, kikamnogea, ikawa kazi sasa kumtenga nacho. Mwenzake mmoja akamrekodi kwa simu, na video ile ikatembea kuliko wao wote. Haukupita muda, watu wa Iringa na Mbeya wakawa wanamwigiza hadi harusini.

Ndipo akaja Andendekisye, bwana wa mauzo wa kampuni moja ya Mbeya iliyokuwa ikiuza maguta ya injini, yale ya matairi matatu yenye bodi la mizigo nyuma. Tangazo wakalipiga. Shangazi anaambiwa apande guta lililojaa viazi, anang'aka: "Sitaki! Litanirudisha nyuma!" Anapakiwa kwa nguvu, guta linapanda mlima, na huko juu shangazi anakumbatia gunia na kupiga kelele: "Sitaki kushuka!" Kusema kweli mlima haukuwepo. Walikuwa kwenye uwanja tambarare, kamera ikainamishwa. Evarista alipoonyeshwa, alicheka mpaka akakaa chini.

Tangazo likapigwa redioni, likabandikwa stendi, likazungushwa minadani kwa gari la spika. Maguta yakanunuliwa. Wa kwanza kununua pale Igowole alikuwa Didas, mdogo wake Evarista, aliyekuwa akisomba mbao.

"Una hakika nalo?" Evarista alimuuliza.

"Dada, si wewe mwenyewe umesema?" Didas akajibu, akiwa ameshaliwasha.

Asubuhi moja ya mvua, Didas alikuwa akipanda kilima na mbao zake, injini ikakata pumzi. Akakanyaga breki, guta lisisikie. Likarudi kinyumenyume, likaingia mtaroni, mbao zikamlalia mguu. Madaktari walifanya walichoweza, mwisho wakaukata chini ya goti.

Evarista alipoingia wodini, kabla hajafika kitandani kwa mdogo wake, mzee mmoja aliyefungwa bandeji kichwani alimtambua.

"Kamwene, Shangazi! Jamani, si Sitaki huyu? Hebu tutolee lile neno lako."

Wodi nzima ikageuza shingo. Evarista akamtazama Didas. Didas alikuwa amelala akiutazama ukuta.

"Waambie tu, dada," alisema bila kugeuka. "Watu wanaumwa."

Basi akasema. Sauti ya shangazi ilitoka yenyewe, kama iliyokuwa imezoea njia: "Sitaki kushuka!" Wagonjwa wakacheka, hata muuguzi akacheka. Evarista akaketi ukingoni mwa kitanda cha mdogo wake, asijue mikono yake aiweke wapi.

Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Mbeya. Andendekisye alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti, akampa pole kwa mikono miwili.

"Ninachoomba ni kimoja, kaka," Evarista akasema. "Liondoeni tangazo."

"Dada yangu, haliko mikononi mwangu. Mimi mwenyewe nimeajiriwa. Na yule shangazi ulishatuuzia, sauti yake na kanga zake. Ukikataa wewe, watamtafuta mwingine wa kumvaa."

"Ndugu yangu amekatwa mguu."

"Nimesikia, na imeniuma. Lakini wakubwa wanasema alizidisha mzigo."

Hakuyasema kwa dharau, na hilo ndilo lililommaliza Evarista nguvu. Angetukanwa, angepata pa kushikia.

Aliporudi Igowole, aliamua kuwaeleza watu mwenyewe. Hakujipaka majivu. Alivaa gauni lake la kanisani, akasimama mbele ya simu kwa sura yake ya siku zote, akasema: "Mimi naitwa Evarista. Msiyapandishe milimani maguta yale. Breki zake hazishiki. Ndugu yangu amepata ulemavu. Nawaomba."

Kufika jioni video ilikuwa imeenea kote, na watu walikuwa hoi kwa kicheko. "Ameanza Sitaki wetu!" waliandika. "Kawaida yake, lazima akatae kwanza." "Tunasubiri mwisho atakapopanda!" Kadiri alivyorekodi nyingine, akilia sasa, ndivyo walivyozidi kumsifu kwamba safari hii ameigiza kweli kweli. Kampuni nayo ikaichukua ile ya kwanza, ikaibandikia mwishoni lile neno, "Sitaki kushuka!", ikairusha. Andendekisye alimpigia simu kumtaka radhi. Alisema mauzo yamepanda.

Mwisho wa mwezi, akitoka kumwona Didas hospitalini, Evarista alishuka Nyololo kusubiri usafiri wa nyumbani. Guta jipya likasimama mbele yake. Liliendeshwa na mtu wa Usangu aitwaye Malimi. Nyuma, juu ya magunia ya mpunga, alikaa mkewe Nyamizi na watoto wao wawili.

"Shangazi!" Malimi akaita kwa furaha. "Ni wewe uliyetununulisha hili!"

Evarista akashika ubavu wa bodi. "Shemeji, nakuomba. Kule mbele kuna mlima. Washushe watoto, wapande kwa miguu."

Nyamizi akaangua kicheko, akatoa simu. "Endelea, Shangazi, nakurekodi! Sema sitaki!"

"Sichezi, mama. Mungu wangu, sichezi!"

Watoto wakapiga makofi. Malimi akafuta machozi ya kicheko, akatia gia, guta likaondoka taratibu kuelekea mlimani.

Evarista alisimama kidogo. Kisha akauacha mfuko wake barabarani, akakimbia. Alilifikia pale mlima ulipoanzia, injini ikiwa imeanza kuguna, akaegemeza bega kwenye bodi na kusukuma kwa nguvu zake zote. Juu ya kichwa chake Nyamizi alikuwa bado anarekodi, na watoto walikuwa wakiimba kwa pamoja, "Sitaki! Sitaki!" Evarista akazidi kusukuma, macho ameyafumba.